Kukhu wa Ndalu

Mwaka 1926 tawi la reli lililoanzia Leseru, karibu na Eldoret, lilifika Kitale. Mwaka huohuo Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa na shauku ya kukusanya vipepeo, ndege na vitabu, alianzisha makumbusho yake mwenyewe, na hiyo ndiyo asili ya Makumbusho ya Kitale ya leo. Na mwaka huohuo, upande wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, alizaliwa mtoto wa kike wa Kibukusu ambaye hakuna karani aliyemwandika. Vipepeo wa Stoneham walipigwa pini wakahifadhiwa. Mtoto yule alipewa jina la msimu wa palizi, basi.

Huyo ndiye nyanya yetu. Sisi wajukuu tulimwita Kukhu, na kufikia utu uzima wake soko zima la Ndalu lilimwita hivyohivyo, hata wazee waliomzidi umri. Mwaka aliozaliwa tunaujua kwa sababu ya reli. Baba yake alikuwa kibarua wa kubeba mataruma, na aliporudi nyumbani na mshahara wake wa mwisho alimkuta mkewe ana siku chache tangu ajifungue. Wanawake wa kizazi chake wako hivyo katika historia: humpati mmoja wao mpaka upitie kwa mwanamume aliyekuwa karibu naye. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, aghalabu kikining'inia shingoni ndani ya kijikopo cha bati, na ndani yake ziliandikwa kazi alizofanya, mshahara aliolipwa na mwajiri aliyemwacha. Wanawake hawakupewa. Ilikuwa nafuu kwao, hakuna atakayebisha. Lakini ndiyo maana jasho walilomwaga katika mashamba ya Trans Nzoia halionekani popote. Mikono ya Kukhu imo katika kipande cha babu, katika mkataba wa babu, katika daftari la mkopo la babu. Serikali ilianza kuwasajili wanawake kwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakati huo alikuwa amevuka miaka 50, mjane mwenye wajukuu. Ninaandika ili atoke katika karatasi za wengine.

Alilelewa na nyanya yake mzaa baba, mwanamke aliyekuwa msichana mwaka 1895 wakati C. W. Hobley alipowajia Wabukusu na askari wa Kisudani, wapiganaji wa Kiganda na bunduki ya Maxim. Vita hivyo vinajulikana. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ngome ya Chetambe, juu ya kilima kilicho karibu na Webuye ya leo. Vitabu vinataja majemadari na silaha. Kukhu alisimuliwa upande mwingine: nani alikimbia na nini. Nyanya yake alisema wanawake waliotoka Chetambe usiku waliacha vyungu, wakaacha ngozi za kulalia, lakini mbegu ya wimbi waliifunga kiunoni, kwa sababu aliyefika salama bila mbegu alikuwa amefika kuomba. Kukhu aliyarudia maneno hayo kila msimu wa kupanda, na sikuwahi kumsikia akiyasema kama hadithi. Aliyasema kama maagizo.

Utoto wake ulikuwa wa nzige na wa misheni. Nzige walivamia Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1928 hadi mwanzo wa miaka ya 1930, na kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ilikuwa ya watu wazima wakipiga debe shambani huku anga limefunikwa. Misheni ilikuwa ya Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakawa na kituo Lugulu. Hapo alijifunza kusoma, kushona, na kukaa kimya katika ibada bila kusinzia. Hakwenda mbali zaidi. Msichana aliyeweza kusoma barua alihesabiwa amesoma.

Aliolewa katikati ya miaka ya 1940 na kijana wa rika la Kinyikeu, na siku chache baada ya mahari kukamilika wakashika njia ya Trans Nzoia. Walitembea. Walipita Kamukuywa, wakapita Kiminini, mume mbele na mkuki wake, yeye nyuma na mzigo kichwani. Walikuwa wanakwenda kuwa maskwota.

Hapa inafaa kueleza, maana vijana wa leo husikia neno hilo wakafikiri ni watu waliovamia ardhi. Trans Nzoia ilikuwa malisho ya Wasabaot kabla ya serikali ya kikoloni kuwasukuma mlimani na kuigawa nchi hiyo kwa walowezi, wengi wao askari waliotoka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mlowezi alikuwa na ardhi kubwa kuliko mikono yake. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1918 ikaweka utaratibu: Mwafrika na familia yake wangekaa shambani, wangelima kipande chao na kuchunga mifugo yao, na kwa malipo ya ruhusa hiyo mwanamume angemfanyia mlowezi kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, kwa mshahara mdogo. Mkataba ulitiwa kidole cha mume. Kazi ilikuwa ya nyumba nzima. Wakati wa kuvuna mahindi, nyapara alipita alfajiri akigonga milango ya nyumba za maskwota, na hakuuliza nani ametia kidole. Kukhu alivuna mahindi ya mzungu huku mtoto wake wa kwanza yuko mgongoni, akalipwa kwa posho, unga uliopimwa kwa kopo.

Alizungumza kidogo sana kuhusu mlowezi wao, na kila mara alisema jambo moja tu: alihesabu ng'ombe. Wabukusu wengi walikwenda Trans Nzoia kwa ajili ya ng'ombe, kwa kuwa huko nyumbani malisho yalikuwa yamebana, na kijana asiye na ng'ombe hakuwa na mahari wala heshima. Katika miaka ya 1940 walowezi, wakitumia mabaraza yao ya wilaya, walianza kupunguza mifugo ya maskwota na kudai siku nyingi zaidi za kazi. Babu aliamriwa auze. Alikuwa na ng'ombe saba. Akauza wanne kwa bei ya kutupa. Kukhu alikumbuka rangi ya kila mmoja wao. Mwaka 2009, akiwa na miaka 83, alinitajia mmoja mmoja, na wa mwisho, ndama mweusi mwenye doa jeupe usoni, akamtaja mara mbili.

Ni katika hali hiyo ambapo watu walimsikiliza Elijah Masinde. Masinde alikuwa Mkweka wa Kimilili na mchezaji hodari wa kandanda aliyewahi kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Gossage, kisha akaachana na misheni na kuanzisha Dini ya Musambwa. Aliwaambia watu warudie mizimu ya babu zao, wawafukuze wazungu, wasing'oe magugu kwa amri ya bwana shamba. Serikali ilimfungia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka mwaka 1947 aliongoza maelfu kupanda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi na kuua watu 11. Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Familia yetu iligawanyika juu ya Masinde, na naona ni uongo kuficha hilo, kwa kuwa siku hizi kila mtu humdai kama shujaa wa ukoo wake. Ndugu mmoja wa babu alikuwa Malakisi siku ile. Alifika shambani Trans Nzoia usiku wa tatu, akitembea kwa kujificha, nguo yake imekauka damu isiyokuwa yake. Babu alitaka asikae, maana kumhifadhi mfuasi wa Musambwa kulitosha kuwafukuzisha wote. Kukhu, ambaye alikuwa Mkweka na hakuwahi kuikubali Musambwa hata siku moja, alimlaza jikoni nyuma ya magunia kwa majuma mawili. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alishangaa. Akasema, "Mjukuu wangu, alikuwa na njaa."

Miaka ya hali ya hatari naipita upesi, kwa sababu yeye mwenyewe aliipita upesi. Aliikumbuka kwa watoto waliozaliwa na mmoja aliyekufa kwa surua. Mwaka 1956 wilaya ya Elgon Nyanza ilikatwa kutoka Nyanza Kaskazini, na kutoka humo ikatokea Bungoma. Kuelekea uhuru kukawa na mvutano mkali juu ya Kitale, iende Magharibi au Bonde la Ufa. Mwanasiasa Masinde Muliro, si yule Masinde wa Musambwa, aliipigania iwe Magharibi. Tume ya Mipaka ya mwaka 1962 ikaiacha Bonde la Ufa. Tangu hapo jamaa zetu wana mkoa huu na ule, na sasa kaunti hii na ile, ingawa matatu ya asubuhi kutoka Kitale hukufikisha Bungoma kabla jua halijawa kali.

Mwaka 1964 babu alipata shamba la ekari 30 katika skimu ya Ndalu, mojawapo ya mashamba ya walowezi yaliyogawiwa Waafrika chini ya mpango wa ekari milioni moja. Halikuwa la bure. Wenye skimu walikopeshwa bei ya ardhi na pesa za ng'ombe wa maziwa, walipe kwa miaka mingi, na hati haikutolewa mpaka deni liishe. Muliro alizunguka akiwahimiza watu wanunue ardhi na walipe, wasingoje zawadi. Kukhu alimpenda kwa hilo kuliko kwa siasa zake zote.

Mwaka huohuo wa 1964 kitu kingine kilitoka Kitale, na nadhani kilibadilisha maisha ya wanawake wa huku kuliko bendera. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilianza kutoa mahindi chotara H611. Mtafiti Michael Harrison na wenzake walikuwa wamechanganya mahindi ya Kitale na mbegu iliyoletwa kutoka Ekuado. Mavuno yalikuwa ya ajabu. Magunia yalijaa, watoto wakaenda shule, nyumba za mabati zikasimama Ndalu na Tongaren na Naitiri. Mimi mwenyewe ni mjukuu wa H611. Karo ya baba yangu ilitoka humo. Lakini mbegu chotara haihifadhiwi. Ukipanda tena punje ulizovuna, mavuno hushuka, kwa hiyo lazima urudi dukani kila mwaka na pesa mkononi. Kabla ya hapo mbegu ilikuwa kazi ya mwanamke. Alichagua mahindi bora wakati wa kuvuna, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika juu ya moto jikoni ili moshi uyakinge na dumuzi. Mwanamume aliyetaka kupanda alikwenda kwa mkewe. Katika misimu michache tu mamlaka hayo yalihamia kwa mwenye pesa za kwenda Kitale.

Kukhu hakupigana na chotara. Alipanda, akashukuru. Ila alikata robo ekari nyuma ya jikoni, akaipanda wimbi la mbegu yake mwenyewe, na robo ekari hiyo hakuna aliyeigusa mpaka anakufa. Babu aliitaka kwa ajili ya ng'ombe, wanawe wakaitaka kwa ajili ya nyumba, bwana shamba akamwambia ni hasara. Aliwajibu wote kwa adabu, na mwaka uliofuata akapanda tena.

Babu alikufa mwaka 1971. Deni la shamba lilikuwa bado bichi. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa wakaamua, kama desturi ilivyokuwa, kwamba mdogo wa marehemu amrithi mjane, na daftari la mkopo lihamie kwake. Shemeji huyo alilichukua daftari akaenda nalo. Kukhu alingoja siku nne, kisha akafika nyumbani kwake asubuhi, akapiga magoti kumsalimu kama ilivyompasa, akasema: "Shemeji, mimi ni mtu wa Marafiki, sitarithiwa. Na deni nitalilipa mimi. Anayelipa ndiye anayeshika daftari." Wote waliokuwapo wanasema hakupaza sauti. Alirudi nalo likiwa limefungwa katika leso.

Aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo ninayotamani yangeandikwa na mtu aliyeyaona yote. Alikuwa na miaka 45 na watoto wanane, wa mwisho bado ananyonya. Aliamka saa kumi za usiku kukamua, akapeleka maziwa barabarani yachukuliwe na lori la kampuni ya maziwa ya KCC. Alilima, akauza mahindi kwa bodi ya mahindi, akangojea malipo ya bodi, na alipocheleweshwa akauza mrenda na kunde sokoni kwa mafungu. Kila risiti ya mkopo aliikunja mara nne na kuitia katika mkebe wa mafuta ya Kimbo uliokaa juu ya kabati, na juu ya mkebe aliweka Biblia. Risiti ya mwisho ni ya mwaka 1993. Nimezihesabu risiti zile, nimezipanga kwa miaka, na unaweza kusoma humo mwaka wa ukame, mwaka wa karo ya watoto watatu kwa mpigo, mwaka bodi haikulipa. Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981, naye akaisikia redioni. Akatafuta wakili Kitale, akafuata kesi hadi jina lake likaingia. Hati ya shamba la Ndalu ilitoka kwa jina la mwanamke, jambo ambalo wazee wengine wa skimu walikuja kulitazama kwa macho yao.

Tulio wadogo tulimjua jikoni. Nimkumbukavyo mimi, ni alasiri na anatengeneza munyu. Alichoma maganda makavu ya maharagwe mpaka yakawa majivu ya kijivu, akayatia katika kopo lililotobolewa tundu ndogondogo chini, akamimina maji kidogo kidogo juu yake. Maji yalidondoka katika sufuria yakiwa na rangi ya chai nyepesi. Mrenda uliotiwa maji hayo hulainika na kuteleza, na hauhitaji magadi wala mafuta. Alitufundisha kuonja tone moja kwa ncha ya ulimi: likichoma, ongeza maji. Wavulana pia alitufundisha. Majirani walimwambia anatuharibu.

Desemba 1991 vita vya kikabila vilifika Trans Nzoia, vikianzia pande za Endebess, na mwaka 1992 vikaenea hadi Mlima Elgon. Watu walichomewa nyumba kwa sababu za kura, huku wakiambiwa ni sababu za ardhi. Binti mmoja wa Kukhu alikuwa ameolewa na Msabaot. Binti mwingine, aliyeolewa na Mbukusu, alifukuzwa kutoka shamba lake upande wa Kwanza na kufika Ndalu na watoto na godoro moja. Baada ya wiki mbili akafika pia yule aliyeolewa na Msabaot, pamoja na watoto wake waliozungumza Kisabaot kuliko Kibukusu, kwa kuwa kijiji chao pia kilikuwa kimechomwa, na waliochoma walikuwa upande wetu. Ndani ya nyumba moja watu wazima walikaa bila kutazamana. Kuna aliyesema watoto wale wapelekwe kwingine. Kukhu aliwakusanya jikoni, akawasemesha Kisabaot fasaha ambacho alijifunza kwa majirani zake wa shamba la mzungu miaka ya 1940, na wengi wetu hatukujua kuwa anakijua. Tangu jioni hiyo watoto wote walikula sinia moja, na mtu mzima aliyechukia alikula peke yake.

Alifariki mwaka 2014, Kitale, nyumbani kwa mwanawe, akiwa na miaka 88, na akazikwa Ndalu kando ya babu. Wasifu uliosomwa ulikuwa ukurasa mmoja. Ulitaja mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ndoa, majina ya watoto, ugonjwa, siku ya kufa. Babu yangu alitajwa mara sita. Daftari, mkebe, Malakisi, robo ekari ya wimbi, hati: hakuna. Walioandika walimpenda, nao hawakukosea hata tarehe moja. Waliandika jinsi wasifu wa wanawake unavyoandikwa.

Kwetu Wabukusu mzee mwanamume mwenye wajukuu akizikwa, siku ya tatu huandaliwa kumuse. Msemaji aliyerithi kazi hiyo husimama katikati ya duara la watu akitembea huku na huku, na kwa saa nyingi huisimulia nchi nzima: tulikotoka, koo, vita, mashamba, makosa ya viongozi, na nafasi ya marehemu katika yote hayo. Marehemu Manguliechi alijulikana kila pembe ya Bungoma na Trans Nzoia kwa kazi hiyo. Ni darasa bora la historia tulilo nalo, na hakuna chuo kikuu kilichowahi kuniteka masikio kama msemaji mzuri wa kumuse. Kukhu hakuandaliwa. Kwa desturi kumuse ni cha wanaume.

Nimesikia hoja za wazee, na naziheshimu: kumuse kinafungamana na tohara, na rika, na ukoo wa baba. Lakini mtu aliyelipa deni la ardhi kwa zaidi ya miaka 20, aliyemficha mtu wa Malakisi, aliyeilinda mbegu iliyotoka Chetambe, ni nani wa kusimuliwa kama si yeye? Nawaomba wazee wa kumuse, walioko Kimilili, Chwele, Webuye, Kiminini na kwingineko, walijadili jambo hili kabla wasemaji waliobaki hawajaisha. Na kwa jamaa wanaoandika wasifu wiki hii: ulizeni risiti ziko wapi, ulizeni nani alihifadhi mbegu, kisha mwandike kurasa mbili.